Umeambiwa dawa inaponya kansere? Maswali ya kuuliza kabla hamjauza parseli (kiwanja)

Apa Bukavu mtu akishapewa jibu la kansere simu za familia hazilali. Audio za WhatsApp zinaingia, shangazi wa Uvira anasema kuna papa anauza dawa mu Kadutu, jirani analeta majani ya korosoli (mustafeli), mwengine anasema acheni shimio (kemoterapi, dawa kali za hopitali za kuua kansere) muombe tu, na munganga (daktari) naye ametoa devi, karatasi ya bei, ya dola nyingi ambazo pale nyumbani hakuna mtu amewahi kuzishika mara moja. Wote wanasema kwa upendo. Lakini franga ni zile zile kidogo na ugonjwa hausubiri, kwa iyo lazima mchague, na kuchagua kuna ginsi yake hata kama hukusoma udaktari.

Anzeni na swali hili: ni kansere gani? Kansere ni magonjwa mengi. Ya shingo ya kizazi inaletwa na virusi vya HPV, ile ya Burkitt inayovimbisha taya za watoto inakwenda mbio sana lakini shimio inaipiga vizuri, alafu mu kansere ya ziwa (titi) kuna dawa inaitwa tamoksifeni inayosaidia sana wamama ambao kansere yao inakula homoni, wale wengine haiwasaidii. Kwa hiyo mtu anayesema dawa yake moja inaponya kansere zote, musimupe hata franga moja. Na muombe karatasi ya anapati, yaani jibu la kile kipande cha nyama walichokata wakakipima, muipige foto, muitunze. Bila iyo karatasi hamuwezi kujua dawa yoyote imefanya nini.

Sasa zile audio. Chukua moja usikilize pole pole: "mama mmoja alikuwa na uvimbe kwenye ziwa, alikunywa chupa tatu, leo mzima kabisa." Uliza, uvimbe ulipimwa anapati? Juu uvimbe mwingi wa ziwa si kansere. Alipasuliwa kwanza? Kuna watu wengi wanapasuliwa, wanameza na dawa za hopitali, wanakunywa na chupa, alafu sifa zote zinakwenda kwa chupa. Na imepita muda gani, wiki tatu ao miaka mitano? Alafu wale waliokunywa chupa ile ile wakafariki, audio yao iko wapi? Yule mama pengine anasema kweli tupu, lakini kweli yake haitoshi kukuambia mama yako itamuendea namna gani.

Kinachotosha ni kulinganisha. Wanachukua wagonjwa wengi wenye kansere ya namna moja, wanawagawa kwa kura, hawa wanapewa dawa mpya, wale wanapewa matibabu ya kawaida, wanafuatwa wote mpaka mwisho na kuhesabiwa, hata waliokufa. Kabla ya apo kuna majaribio kwenye cell (chembe hai) mu maabara na kwenye panya, na dawa nyingi zinakufia pale. Majani ya korosoli sifa zake karibu zote zinatoka mu maabara. Sasa, hata javeli (dawa ya kung'arisha nguo) ukiimwaga juu ya cell za kansere zitakufa, haina maana uinywe. Tena kule Guadeloupe mwaka 1999 madaktari waliandika kwamba watu waliokula sana korosoli na kunywa chai ya majani yake walionekana na ugonjwa wa kutetemeka na kukakamaa unaofanana na Parkinson, na dawa za kawaida haziwasaidii vizuri.

Sisemi miti ni mibaya. Vinkristini, dawa inayotibu watoto wenye Burkitt na kansere ya damu, ilitoka kwenye yale maua ya Madagascar, vinka, yenye rangi ya pinki watu wanapanda mbele ya nyumba. Lakini ilisafishwa, ikapimwa kiasi, ikalinganishwa kwa watu. Usichemshe yale maua, ni sumu.

Na dawa ya hopitali iulizwe vile vile! Miaka ya 1990 wamama maelfu wenye kansere ya ziwa walipewa shimio kali mno pamoja na kurudishiwa uboho wa mifupa (ule unaotengeneza damu, juu shimio iyo inauharibu), mateso makubwa na makuta mengi, juu kila mtu aliona ni lazima isaidie. Mwaka 1999 majaribio ya kulinganisha yakatoka, hakuna faida. Moja tu lilisifu, la dokta Bezwoda wa Johannesburg, wenzake wakaenda kukagua mafaili yake, na mwaka 2000 akakubali kwamba alidanganya. Kwa hiyo jaribio moja halitoshi, ngojeni wengine walirudilie.

Munganga akiwaambia dawa "inapunguza hatari nusu," muulizeni nusu ya ngapi. Kutoka watu 40 kwa 100 kufika 20 ni kitu kikubwa, kutoka 2 kufika 1 pia ni nusu. Muulize tena: inaongeza maisha, ao inapunguza tu uvimbe kwenye skana (picha ya ndani ya mwili)? Bila dawa itakuwaje? Hayo si kumkosea heshima, munganga mzuri anayapenda. Andikeni maswali mu kaye, muende wawili.

Kuna kitu kinaniuma sana: watu wanadhani kutibu maumivu ni kukata tamaa. Boston walichukua wagonjwa 151 wa kansere ya mapafu iliyosambaa, nusu wakapewa pia timu ya kutuliza mateso tangu mwanzo. Matokeo yalitoka mwaka 2010: waliopewa iyo timu waliishi vizuri zaidi, na muda wa kati wa kuishi ulikuwa miezi 11.6, wale wengine 8.9. Jirani zetu Uganda wanatumia morfini (dawa kali ya maumivu) ya maji ya kunywa tangu 1993. Ombeni morfini bila haya, na dawa ya kulainisha choo pamoja nayo, juu morfini inafunga choo.

Tangawizi kwa kichefuchefu, majaribio yanapingana, kunywa ukipenda lakini usiache ondansetroni, ile dawa ya hopitali ya kuzuia kutapika. Kutembea kidogo kila siku kunapunguza uchovu, iyo imepimwa mara nyingi. Mdomo ukiwa na vidonda, sukutua na maji ya chumvi na bikabonati.

Kama tayari mnakunywa dawa ya miti, mwambieni munganga jina lake ao mpelekee chupa yenyewe, juu zingine zinachosha maini ao zinaharibu kazi ya shimio. Na mtu aliye kwenye shimio akipata homa ya 38, hata ikiwa usiku, msimpe parasetamoli mkangoja asubuhi, mpelekeni hopitali saa ile ile.