Jinsi ya kuipa programu yako leseni ya chanzo huria

Mwenzangu aliniuliza kwa nini watu wanaikwepa programu yake ilhali ameiweka wazi mtandaoni. Haikuwa na leseni ya chanzo huria, yaani ruhusa ya maandishi kwa yeyote kuitumia, kuibadili na kuisambaza. Msimbo, yaani maandishi ya programu, usio na leseni unalindwa na hakimiliki, hivyo hakuna mwenye ruhusa ya kuubadili wala kuusambaza. Tukakaa, tukafuata hatua hizi.

1. Thibitisha kwamba msimbo ni wako. Kama uliuandika kazini, huenda mwenye mali ni mwajiri. Omba ruhusa kwa maandishi.

2. Kagua maktaba unazozitumia, yaani vifurushi vya msimbo wa wengine. Fanya hivi kabla ya kuchagua leseni uipendayo, maana huenda umeshafungwa bila kujua. Leseni za MIT na BSD hazisumbui: unabakiza tangazo la hakimiliki na maneno ya leseni, basi. Leseni ya GPL ina uzito wake. Ukisambaza programu iliyochanganywa na msimbo wa GPL, programu nzima sharti itoke chini ya GPL.

Kisha kuna matoleo, na hapa ndipo saa zinapopotelea. Msimbo wenye leseni ya Apache 2.0 unaingia kwenye mradi wa GPL toleo la 3, la mwaka 2007, lakini hauingii kwenye ule unaokubali toleo la 2 pekee. Masharti yanayohusu hataza (haki za uvumbuzi) yanagongana. Kwa hiyo angalia kama faili limeandikwa `GPL-2.0-only` au `GPL-2.0-or-later`. La pili linakuruhusu kuhamia toleo la 3, na mgongano unakwisha.

Usitosheke na maelezo ya ukurasa wa mbele wa mradi. Fungua folda, usome vichwa vya mafaili, kwani ndani huwamo faili lililochukuliwa kwingine likiwa na leseni yake. Maktaba nazo hutegemea maktaba nyingine. Zifuate hadi ya mwisho.

3. Chagua. Kwa maktaba, mimi huchukua Apache 2.0 kwa kuwa inatoa haki za hataza waziwazi. Ukitaka kazi zitakazotokana na yako zibaki huria zinaposambazwa, chukua GPL 3. Usijitungie leseni, wala usiongeze "si kwa biashara": ukizuia biashara, hiyo si chanzo huria tena. Creative Commons ziachie picha na maandishi.

4. Iweke. Nakili leseni nzima kwenye faili `LICENSE`, katika folda kuu. Juu ya kila faili la msimbo andika mstari unaotaja leseni kwa jina fupi la mfumo wa SPDX; kwa Apache 2.0 ni:

`SPDX-License-Identifier: Apache-2.0`

5. Ndipo upokee michango ya wengine. Kila mchangiaji hubaki na hakimiliki ya alichoandika, isipokuwa mmekubaliana vingine. Ukitaka kubadili leseni baadaye, huenda ukalazimika kumtafuta mmoja mmoja akuridhie.