Kabla hujauza kiwanja kumtibu mgonjwa wa saratani, pita huku kwanza

Mama yangu alipoambiwa ana saratani ya shingo ya kizazi, sisi watoto wake tulikaa kikao usiku uleule na kufika asubuhi kiwanja chake kilikuwa kishapata mteja, tena kwa bei ya kutupa, maana mnunuzi akishajua una mgonjwa ndani anajua huna muda wa kubishana. Wiki tatu baadae niko kwenye benchi la hospitali, risiti za vipimo mkononi, mama mmoja aliyekuja kumuuguza dada yake kutoka Sumbawanga akaniuliza, "Mwanangu, ustawi umeshapita?" Nikamwambia ustawi gani. Akaninyanyua, akanipeleka mpaka mlangoni. Naandika kwa ajili ya yule ambaye hajakutana na mama wa Sumbawanga, na hapa naongelea Tanzania Bara, Zanzibar wana sheria zao za kazi na ofisi zao.

Anzia ustawi wa jamii. Hospitali kubwa za serikali zina kitengo hicho, na hata hizi zinazopokea wagonjwa wengi wa saratani kama Ocean Road pale Dar, Bugando Mwanza na KCMC Moshi, ulizia afisa ustawi wa jamii siku ya kwanza kabisa, usisubiri mpaka hela iishe. Kwenye sera ya afya saratani iko kwenye kundi la magonjwa sugu yenye msamaha wa malipo, lakini msamaha haukufuati kitandani, unaombwa, na afisa anakuhoji kidogo kujua hali yenu ya kipato. Muulize wazi msamaha unagusa nini na haugusi nini, kwa sababu mara nyingi kuna dawa mtaambiwa mkanunue nje, kuna vipimo, halafu nauli na chakula viko juu yenu. Ukijua hilo mapema mnapanga michango ya ndugu kwa ajili ya vile visivyoguswa, sio kuchangishana tu bila kujua mnachangia nini.

Karatasi za kwenda nazo: barua ya rufaa, majibu ya kipimo cha kinyama (biopsi) kama yameshatoka, kitambulisho cha taifa cha NIDA au hata namba tu, na barua ya serikali ya mtaa au kijiji anakoishi mgonjwa. Kama kaya iko TASAF, ule mpango wa kusaidia kaya maskini, sema na uonyeshe. Hiyo barua ya kijiji ndo iliyotutesa sisi. Mwenyekiti aliandika vizuri tu, akabandika picha ya mama, ila muhuri akaupiga chini kwenye sahihi peke yake, haukugusa picha, tukarudishwa. Ikabidi kaka aliyebaki Njombe aende upya kwa mwenyekiti, barua ipigwe muhuri nusu kwenye picha nusu kwenye karatasi, akampa kondakta wa basi la usiku na mimi alfajiri nikaenda kuipokea stendi ya Mbezi. Kwahiyo kabla hamjasafiri hakikisheni jina kwenye barua, kwenye rufaa na kwenye kitambulisho ni lilelile herufi kwa herufi, na muhuri umeshika picha. Chukueni nakala mbili. Picha ya WhatsApp inasaidia kuonyesha tu lakini wengi watataka karatasi yenyewe.

Mgonjwa akiwa mtoto, Muhimbili kuna shirika linaitwa Tumaini la Maisha linalofanya kazi na wodi ya watoto wenye saratani, wanagharamia matibabu na wana malazi kwa mtoto na mzazi anayetoka mbali. Nimeona wazazi wanamkatisha mtoto matibabu wanarudi naye mkoani kisa hawana pa kulala, inauma sana. Wenye bima nao wasikae kimya, ulizeni mapema dawa ipi inalipwa na ipi inahitaji kibali, maana kibali kinachukua siku na dozi ina tarehe yake.

Sasa kazi, na hapa watu wanapoteza haki bila kujua. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mfanyakazi siku 126 za ugonjwa ndani ya mzunguko wa miezi 36, siku 63 za mwanzo kwa mshahara kamili na 63 zinazofuata kwa nusu mshahara. Sharti ni cheti cha daktari. Kila unapotoka kliniki omba cheti chenye tarehe, peleka kazini, na nakala yako wasainie kwamba wamepokea. Jirani yetu, dereva, alipata saratani ya koo, bosi akampigia simu tu kwamba usije tena tumeshapata mtu. Akanyamaza, akawa anasema ngoja nipone kwanza. Alipokuja kuulizia zilikuwa zimepita zaidi ya siku 30, na siku 30 ndo muda wa kupeleka malalamiko ya kuachishwa kazi kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, wengi wanaiita CMA. Ukichelewa unaweza kuomba uongezewe muda ukieleza sababu, na kulazwa ni sababu ya kueleweka, ila kwanini ufike huko. Tunza ile meseji, andika tarehe ya ile simu, tuma hata ndugu akaulizie fomu ya malalamiko CMA.

Kama umechangia mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF au PSSSF, na ugonjwa umekuondolea uwezo wa kufanya kazi, kaulizie mafao ya ulemavu, usidhani ni ya waliokatika viungo tu, bodi ya madaktari ndo inaamua. Na mwenye mkopo benki aulizie kama mkopo wake una bima na inafidia nini, mikopo mingi ya mshahara inakatiwa bima na mkopaji hata hakumbuki.

Wakili wa kulipa huna? Kuna Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 na kuna wasaidizi wa kisheria huku wilayani wanaotoa huduma bure, ofisi ya ustawi au maendeleo ya jamii ya halmashauri watakuelekeza. Mashirika ya siku nyingi ya msaada huo ni TAWLA, WLAC na LHRC. Kampeni ya msaada wa kisheria ya Mama Samia iliyoanza 2023 nayo, kama bado inaendelea, ikipita mkoani kwenu nenda na karatasi zako. Unaenda kwao kwa mambo kama haya: mume anataka kuuza nyumba ya familia wakati mke yuko wodini (nyumba ya ndoa haiuzwi wala kuwekwa rehani bila ridhaa ya mwenza), ndugu wameshaanza kugawana shamba mgonjwa akiwa hai, au mgonjwa anataka mtu mmoja amsimamie mambo yake ya benki. Hilo la mwisho linahitaji hati ya uwakilishi, isainiwe akili ikiwa timamu, na nguvu yake inaisha siku mwenyewe akifariki, kwahiyo haichukui nafasi ya wosia.

Kuhusu wosia najua watu wanaogopa, wanaona kama kumchulia mgonjwa. Mama ndo alilianzisha mwenyewe, mimi nilikuwa nashindwa. Kwa wanaofuata sheria za kimila, asiyejua kusoma na kuandika anahitaji mashahidi wanne, anayejua wawili, na anayerithi asiwe shahidi. Waislamu wana utaratibu wao, wasia hauzidi theluthi na hawaandikiwi warithi. RITA, wakala wa serikali wa usajili na udhamini, nao wanaandika na kutunza wosia kwa ada. Sisi tulimwita msaidizi wa kisheria, mama akaelekeza shamba la chai liende kwa nani na ile nyumba ya bati abaki nayo mdogo wetu wa mwisho, akasomewa yote taratibu mara mbili, akamsahihisha msaidizi jina la mpaka mmoja wa shamba, ndo akachovya dole gumba kwenye wino. Nakala moja iko kwa mchungaji, nyingine anayo mwenyewe kwenye sanduku la vitenge, na kliniki anaendelea nayo.