AP Comparative Government: piga hesabu ya maksi zako, halafu jua zilizobaki ziko wapi

Kila Mei mtihani wa AP Comparative Government (somo la ngazi ya chuo kwa wanafunzi wa sekondari, la kulinganisha serikali za nchi, unatungwa na College Board ya Marekani) ukikaribia, watu wanaulizana "nimepata 40 kwenye za kuchagua, hiyo ni ngapi?" Haikuambii kitu bado, hiyo ni nusu ya mtihani tu. Kuna maswali 55 ya kuchagua kwa dakika 60, halafu maswali 4 ya kuandika kwa dakika 90, na kila upande unabeba asilimia 50. Sasa hayo manne hayana uzito sawa: la dhana lina pointi 4 na linabeba asilimia 11, la data na lile la kulinganisha nchi yana pointi 5 kila moja na asilimia 12.5 kila moja, insha ya hoja ina pointi 5 na asilimia 14.

Tafuta pasti pepa, ifanye kwa saa, simu iwe mbali, ukimaliza jisahihishe kwa mwongozo wa kusahihishia wa College Board, upo bure kwenye tovuti yao. Usijionee huruma hapo, "nilikuwa namaanisha hivi" haina pointi, kama haijaandikwa weka sifuri. Kisha kila kipande chukua ulichopata, gawa kwa jumla yake, zidisha na uzito wake. Mfano, 40 kati ya 55 inakupa 36.4, dhana 3 kati ya 4 ni 8.25, data 4 kati ya 5 ni 10, kulinganisha 3 kati ya 5 ni 7.5, insha 3 kati ya 5 ni 8.4. Jumla kama 70.5 kwa 100.

Kuigeuza hiyo 70.5 iwe gredi ya AP, ile ya 1 mpaka 5 (5 ndo ya juu), ndo penye utata, mpaka wa kila gredi haufanani kila mwaka na hawautangazi kabla, kwa hiyo vile vikokotoo vya mtandaoni vinakisia tu. Kikikwambia una 4 kwa kupenya pointi moja, we jihesabu uko kati ya 3 na 4 uendelee kusoma.

Faida ya kupiga hesabu mwenyewe mi naona iko hapa: swali moja la kuchagua ni kama 0.9, ila pointi moja ya insha ni 2.8, yaani pointi moja ya insha ni sawa na maswali matatu ya kuchagua! Na watu wanakesha na kadi za kukariri wakati insha hawajaandika hata moja. Pointi zake zinajulikana kabisa, 1 ya dai, 2 za ushahidi, 1 ya kueleza, 1 ya kujibu upande wa pili. Dai lazima liwe na "kwa sababu" yake, ukirudia swali kwa maneno mengine umekosa. Ushahidi uwe wa nchi kweli, sio "nchi nyingi zina uchaguzi". Sema Nigeria mgombea urais lazima apate angalau asilimia 25 ya kura kwenye theluthi mbili ya majimbo, halafu malizia kwamba hiyo inamlazimisha kutafuta kura nje ya kwao ndo maana akishinda anakubalika zaidi, hako ka "ndo maana" ndio pointi ya kueleza na ndiko wengi wanakoachia njiani. Ya upande wa pili nayo, kutaja tu kwamba wengine wanapinga haitoshi, lazima uwajibu.

Nchi ni sita tu, China, Iran, Meksiko, Nigeria, Urusi na Uingereza. Usizisome moja moja kama hadithi, zipange kwa mada: shirikisho ni Meksiko, Nigeria na Urusi, zilizobaki ni za serikali ya umoja, yaani madaraka yanatoka serikali kuu (Uingereza imegawa madaraka kwa Scotland na wenzake lakini bado ni ya umoja, huo mtego upo sana). Fanya hivyo kwa nani anachuja wagombea, bunge linachaguliwaje, rais anaondokaje. Iran Baraza la Walinzi lenye watu 12 linachuja wagombea, Meksiko rais ni miaka sita mara moja basi. Swali la kulinganisha likija unachomoa tu.

Angalia pia kitenzi cha swali. Wakikuambia taja, sentensi moja inatosha, wakisema eleza wanataka sababu na matokeo. Kwenye data soma kwanza kichwa cha grafu na vipimo, kuna watu wanachanganya asilimia na idadi.

Za kuchagua hakuna kukatwa maksi ukikosa, kwa hiyo usiache hata moja wazi, dakika za mwisho butua.

Baada ya wiki mbili hivi rudia hesabu, ila kwa pepa nyingine, ile ya kwanza majibu ushayajua na maksi zitapanda kwa uongo. Kipande ambacho hakijasogea ndo ukikalie wiki inayofuata.