Somo: Kutafuta na kufuatilia kiota cha Calcarius lapponicus kwenye tundra (nyika baridi isiyo na miti) ya Alaska

Ndege mwimbaji huyu huzaliana kwa wingi kaskazini mwa Alaska, pande za Toolik na Utqiagvik. Hutaga chini, ubavuni mwa kichaka kidogo cha nyasi, kwa hiyo ukizungukazunguka utakanyaga mayai kabla hujayaona. Kaa, umwache jike akuonyeshe.

1. Fika mwanzoni mwa Juni. Madume hutangulia Mei, hupaa kisha hushuka taratibu wakiimba. Wimbo huo unakuonyesha himaya ya dume, si kiota. Jike akishaanza kutaga wimbo hupungua sana, na mgeni hudhani hakuna ndege.

2. Jua halizami, lakini usiku wa manane ndege hupumzika. Anza saa kumi na mbili asubuhi.

3. Kaa umbali wa mita 30 hivi na darubini ya macho mawili ya 8x42 (inayokuza mara 8). Jike aliyebeba manyoya au nyasi kavu anajenga. Yule anayedonoa harakaharaka kisha akaruka chinichini anaatamia; huyo usimwondolee macho. Hatui juu ya kiota, bali kando, kisha humalizia kwa miguu. Wengi hukosea hapa: huinuka mara tu anapotua, naye huruka tena wakiwa wamepata mahali pasipo sahihi. Ngoja dakika 5, ndipo usogee polepole mpaka aruke karibu na miguu yako.

4. Hesabu mayai (kwa kawaida 4 hadi 6), weka alama ya GPS, ondoka ndani ya dakika moja. Chomeka kijiti chembamba mita 10 kaskazini ya kiota. Kitambaa cha rangi kali huwaita kunguru. Usigeuke kurudi ulikotoka, pitiliza mbele. Nyayo zinazoishia kwenye kiota ni ramani ya mbweha.

5. Rudi kila baada ya siku 3 au 4. Kuatamia huchukua siku 12 hivi. Mvua ya baridi ikinyesha usikaribie kabisa: mama akiondoka, makinda wasio na manyoya hupoa upesi. Wakifikisha siku 7 watazame kwa mbali tu, maana ukiwashtua watatoka kabla ya wakati.

Kugusa mayai au makinda kunahitaji kibali. Sheria ya Marekani ya 1918 inawalinda ndege wahamao.

Maswali ya wanachama

*Nimekuta kiota kitupu siku ya 9 tangu makinda waanguliwe. Wameliwa?*
Si lazima, ndugu. Makinda huondoka siku ya 8 hadi 10, kabla hawajaweza kuruka, na hujificha nyasini. Wazazi wakipita na wadudu mdomoni, wako hai. Kiota kikiwa kimevurugwa, au kitupu siku ya 5, hapo wameliwa.

*Huyu hufika kwetu Kenya?*
Hapana, dada, wale wa Alaska hubaki Amerika Kaskazini. Anayefika ni ndege mwingine mdogo, Oenanthe oenanthe: ana gramu 25 tu, lakini wale wa Alaska huvuka Asia mpaka Afrika Mashariki, zaidi ya kilomita 14,000 kwa safari ya kuja tu. Ukimfuatilia huko Alaska, chukua tochi na kioo kidogo chenye mpini, kwani hutaga ndani ya nyufa za mawe. Usihamishe jiwe lolote. Mwanya ukipanuka kidogo tu, mnyama mla mayai anapata mlango.