Jinsi ya kupiga hesabu ya hela ya falo Uingereza, hasa kwa mwenye shifti zisizoeleweka

Wabeba boksi wenzangu wa Uingereza, kama bado una slipu za mshahara za Machi 2020 mpaka Septemba 2021 usizitupe, zitoe tuangalie kama ulilipwa sawasawa, manake kipindi cha falo (furlough, yaani kukaa nyumbani sababu ya korona huku unalipwa) tuliambiwa tu serikali inalipa 80% tukanyamaza, ila 80% ya nini? Hapo ndo kwenye ishu yote.

Mwenye mshahara usiobadilika hesabu yake fupi. Chukua mshahara wa kipindi cha mwisho kilichoisha kabla au tarehe 19 Machi 2020, ule wa kabla ya makato, utafute 80% yake. Pauni 1,800 inakuwa 1,440. Kikomo kilikuwa pauni 2,500 kwa mwezi, so wa 3,500 hakupata 2,800, labda bosi amwongezee mwenyewe. (Walioingia kazini baadae walikuwa na tarehe yao nyingine.)

Sasa nyie wa shifti, makea (wahudumu wa wazee na wagonjwa), wa mahoteli na wa magodauni, hapa msome taratibu. Kama ulikuwa kazini zaidi ya mwaka mwajiri alitakiwa apige hesabu MBILI halafu achukue iliyo kubwa, sio anayoipenda yeye. Ya kwanza ni ulichopata mwezi kama huo mwaka wa kabla ya korona. Ya pili ni wastani wa mwaka wa kodi 2019/20.

Mfano, umeanza falo tarehe 1 Aprili 2020. Aprili 2019 ulipata pauni 1,150, 80% yake ni 920. Njia ya pili, jumlisha ulichopata kuanzia 6 Aprili 2019 mpaka 31 Machi 2020, tuseme 18,050, gawa kwa siku zote hata za mapumziko, yaani 361, unapata 50 kwa siku, mara siku 30 za Aprili ni 1,500, na 80% yake 1,200. Umeona? Tofauti pauni 280 kwa mwezi mmoja, hiyo ni hela ya kutuma nyumbani jamani! Na ovataimu ulizokuwa unalipwa zinaingia humo, komisheni ya kwenye mkataba pia, ila bakshishi na bonasi ya kujisikia kwa bosi haziingii.

Kuanzia Julai 2020 watu waliruhusiwa kurudi nusunusu. Kawaida yako masaa 160, umefanya 64, yamebaki 96. Hayo 64 bosi anakulipa kamili, kwa mshahara wa 1,800 ni 720, halafu 1,440 mara 96 gawa kwa 160 ni 864, jumla 1,584. Kodi na bima ya taifa vinakatwa kama kawaida.

Septemba 2020 serikali ilishuka mpaka 70% na Oktoba 60%, ikarudi 80% Novemba, ikashuka tena Julai 2021 (70%), Agosti na Septemba (60%). Lakini wewe ulitakiwa kuendelea kupata 80% yako ya masaa ya falo, pengo linazibwa na mwajiri. Kama slipu ya miezi hiyo ilipungua kisa "serikali imepunguza", hapo ulipunjwa.

Mwajiri alitakiwa kutunza hizo hesabu miaka 6, muombe kwa maandishi akuonyeshe, akigoma wapigie Acas (shirika la ushauri wa mambo ya kazi), ushauri wao ni bure.