Somo: Tairi gani kwa njia gani hapa Mombasa

Baiskeli za milimani huku kwetu hazipandi milima mingi. Siku za kazi ni lami ya Nyali, jioni mchanga wa Bamburi, Jumapili watu wanavuka feri ya Likoni kuelekea Shimba Hills. Hakuna tairi linalofaa kote. Chagua kwa njia unayopita kila siku, si ile unayoitamani.

Hatua ya 1: Soma ubavuni. Tafuta namba kama 54-622. 54 ni upana kwa milimita, 622 ni kipenyo cha pale tairi linapokaa kwenye rimu. Inchi 29 ni 622, 27.5 ni 584, 26 ya milimani ni 559. Lakini 26 x 1 3/8 ni 590, na haikai kabisa kwenye rimu ya 559. Ukifika dukani ukasema "nipe 26" tu, unaweza kurudi na tairi la bure.

Hatua ya 2: Tazama meno. Lami inataka meno mafupi yaliyobanana. Tope la masika linataka meno marefu yaliyoachana, ili tope lidondoke. Ila tairi hilo kwenye lami linavuma, linachosha miguu na linaisha upesi. Kwa udongo mkavu na changarawe, tafuta meno mafupi katikati na marefu pembeni ya kushika kona. Mchangani upana ndio unaosaidia zaidi, hata inchi 2.4 kama fremu ina nafasi.

Hatua ya 3: Mbele na nyuma si lazima yafanane. Mimi naweka lenye meno makali mbele, kwa sababu la mbele likiteleza uko chini kabla hujajua.

Hatua ya 4: Upepo. Kiwango cha chini na cha juu kimepigwa chapa ubavuni. Lami, karibu na juu. Mchanga na mawe, karibu na chini. Usishuke zaidi ya hapo: ukigonga jiwe la matumbawe, rimu inabana tyubu. Ukiitoa utaona matundu mawili madogo yamekaa sambamba, kama mtu aliyeumwa na nyoka.

Maswali ya wanachama

Fundi, 29 yangu naitumia lami tu, Mtwapa hadi mjini. Tairi la 700C litakaa?
Litakaa, kaka, zote ni 622. Ila jembamba mno kwenye rimu pana ni hatari. Tafuta la lami lenye upana wa inchi 1.75 hadi 2.

Chumvi ya ufuoni inaharibu tairi?
Inayoumia zaidi ni mnyororo na spoki. Pita maji yakiwa yamekupwa, mchanga ukiwa mgumu, kisha uoshe baiskeli kwa maji ya mfereji siku hiyo hiyo.

Nimeziba pancha ya mwiba, kesho yake tena pale pale. Kwa nini?
Mwiba umekatikia ndani ya tairi, dada. Kabla ya kurudisha tyubu, pitisha kitambaa ndani mzunguko mzima, si kidole. Kitakaponasa, ung'oe kwa koleo.