Kupanda Mchungwa, Mlimau au Mdimu Nyumbani: Anza na Kiungo

Wengi tunaanzia kwenye mbegu. Umekula chungwa tamu, umeona vibaya kuitupa mbegu yake, ukaifukia kwenye kopo. Itaota, wala haina ubishi. Kazi ni kusubiri: mchungwa wa mbegu unaweza kukaa miaka 5 hadi 8, na zaidi, bila ua hata moja, huku ukikuchoma miiba kila unapoupita. Mche uliobebeshwa, yaani aina nzuri iliyounganishwa juu ya shina la mti mwingine, huanza kuzaa mwaka wa 2 au wa 3. Hapa nazungumzia huo.

Hatua ya 1: Kagua mche kabla hujalipa

Pitisha kidole kwenye shina kuanzia chini kwenda juu. Kwa kawaida, sentimita 15 hadi 30 kutoka kwenye udongo, utagusa kovu, au mahali shina linapopinda kidogo na gome kubadilika rangi. Hicho ndicho kiungo. Juu yake ni aina unayoitaka. Chini yake ni mti mwingine kabisa, mara nyingi mlimau mkali, uliochaguliwa kwa sababu ya mizizi yake migumu. Usipokiona kiungo, huo huenda ni mche wa mbegu, hata muuzaji aape vipi. Tazama pia chini ya kiriba (mfuko wa plastiki uliooteshewa mche): mizizi ikiwa imejiviringa kama kamba, mche umekaa mno humo. Uache.

Hatua ya 2: Chagua mahali

Jua la saa 6 au zaidi kwa siku. Kisha jaribu udongo: chimba shimo, jaza maji, rudi kesho yake. Maji yakiwa bado yamo, usipande hapo. Inua tuta au tumia chungu. Cha lita 40 hivi kinautosha mlimau au mdimu kwa miaka kadhaa, mradi kiwe na matundu ya kutosha chini.

Hatua ya 3: Panda

Shimo la sentimita 60 kwa 60 linatosha. Tenga udongo wa juu, uchanganye na debe la samadi iliyooza vizuri (mbichi huunguza mizizi), urudishie. Toa kiriba bila kuvunja bonge la udongo.

Sasa angalia kiungo tena. Lazima kibaki juu ya ardhi, angalau upana wa kiganja, na kumbuka udongo uliochimbuliwa hushuka baada ya mvua, kwa hiyo pandisha mche kidogo. Matandazo ni mazuri sana, ila yasiguse shina. Gome la jamii hii likikaa na unyevu huingia ukungu, huoza na kutoa utomvu kama gundi, na mti unakufa polepole huku wewe ukidhani una njaa.

Hatua ya 4: Maji

Chomeka kidole. Udongo ukiwa mkavu hadi kwenye kifundo cha pili, mwagilia mpaka maji yafike chini. Ukiwa na unyevu, ondoka. Kunyunyiza kidogo kidogo kila jioni kunazoesha mizizi kukaa juujuu.

Hatua ya 5: Ng'oa machipukizi ya chini

Hapa ndipo nilipochezewa. Mchungwa wangu wa kwanza ulitoa chipukizi nene karibu na udongo, likapaa kwa kasi, nikalifurahia kama mtoto aliyerefuka ghafla. Baada ya miaka miwili lilizaa malimau ya ganda la vinundu, makali, mbegu tupu, na tawi la machungwa lilikuwa limeshakaukia kivulini. Chochote kinachochipua chini ya kiungo king'oe kwa mkono kikiwa bado laini. Ukikikata kwa mkasi, kinarudi na wenzake.

Hatua ya 6: Soma majani

Majani ya zamani yakipauka, mti unahitaji naitrojeni, ongeza samadi. Machanga yakiwa ya njano na mishipa ikabaki kijani, mara nyingi ni upungufu wa chuma au zinki. Ukiona kitu kama kinyesi cha ndege juu ya jani, kiguse: yaelekea ni kiwavi wa kipepeo, na mche mdogo anaumaliza kwa siku chache. Mwokote. Sisimizi wakipanda na kushuka, tafuta vidukari au wadudu gamba wanaowachunga, uwaoshe kwa maji ya sabuni.

Hatua ya 7: Matunda

Maua mengi yatapukutika, hata vitunda vya ukubwa wa njegere. Usihangaike, mti hauwezi kuyalea yote. Mwaka wa kwanza mimi huyaondoa yote ili mti ujenge matawi. Baadaye, usingoje rangi: penye joto mwaka mzima, chungwa huiva likiwa bado kijani. Tena halizidi utamu baada ya kuchumwa, kwa hiyo kata moja, uonje, ndipo uamue kuhusu mengine.